Gleizi au polishi: uso wa krauni ya kauri unavyoamua rangi na sura yake

Chukua diski moja ya zirkonia, kauri nyeupe ngumu sana, ya rangi ya A2 (namba moja ya kibao cha rangi za meno), chonga krauni, yaani kofia za jino, tatu zinazofanana za jino la mbele, kisha uzichome pamoja. Ya kwanza iache ilivyotoka tanurini. Ya pili ipake gleizi, tabaka jembamba la kioo, uichome tena. Ya tatu ipige polishi kwa raba za almasi mpaka uone dirisha la chumba likijichora juu yake. Sasa zipange juu ya karatasi ya kijivu, karibu na dirisha. Ya kwanza ni nyeupe ya chokaa na rangi yake imefifia. Ya pili imekolea, na mng'ao wake ni laini kama wa jino lililolowa mate. Ya tatu nayo imekolea, lakini inameta kwa ukali, na ukiigeuza kidogo alama nyeupe ya mwanga inakatika kama kwenye kioo. Kauri ni ileile na namba ya rangi ni ileile. Kilichozitofautisha ni mikromita chache za juu.

Kwa hiyo swali la gleizi au polishi lijibiwe kabla ya kuchagua rangi. Krauni nyingi zinazorudishwa maabara kwa sababu "rangi haikukubali" zilichaguliwa rangi sahihi, zikamaliziwa kwa njia ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Kwa nini uso hubadilisha rangi

Rangi ya jino hutoka ndani. Mwanga huingia kwenye kauri, hutembea humo, huchukua rangi, na sehemu yake hurudi machoni mwetu. Uso ukiwa na mikwaruzo, mwanga mwingi hutawanyika juu kabla haujaingia, na mwanga huo uliotawanyika ni mweupe kwa kuwa haujakutana na rangi yoyote. Weupe huo huifunika rangi ya ndani kama ukungu. Kokoto la mtoni likiwa kavu lina rangi ya vumbi. Lichovye majini, mistari yake yote inajitokeza. Maji hayakuongeza rangi, yamejaza mikwaruzo tu.

Fundi anaweza kuitumia kanuni hiyo wakati wowote, bure. Kabla ya kuamua kwamba krauni imefifia na inahitaji rangi ya juu, ile inayopakwa usoni mwa kauri, ipake maji au kimiminiko cha gleizi kwa brashi, uiweke kando ya kibao cha rangi na uitazame ndani ya sekunde kumi, kabla haijakauka. Hiyo ndiyo rangi itakayotoka baada ya kumaliziwa, au karibu sana nayo. Anayeongeza rangi ya juu kwenye krauni kavu yenye mikwaruzo karibu kila mara huishia na krauni nyeusi kuliko alivyokusudia.

Kwa wanaopima kwa mashine, tofauti za rangi hutajwa kwa kipimo cha ΔE00, namba moja inayoonyesha rangi mbili zimeachana kiasi gani. Waraka wa ISO wa mwaka 2016 unaohusu rangi katika udaktari wa meno unaweka 0.8 kuwa kiwango ambacho nusu ya watazamaji huanza kuiona tofauti, na 1.8 kiwango ambacho nusu huanza kuikataa. Kutoka uso uliosagwa kwa almasi hadi uso uliolainishwa vizuri, mara nyingi mpaka wa kwanza unavukwa. Hata hivyo kuna mtego. Baadhi ya spektrofotomita, yaani mashine za kupima rangi, hupima pamoja na mwanga unaorudi moja kwa moja kama wa kioo, na nyingine huuondoa. Ile inayouhesabu inaweza kukuambia kwamba krauni mbili zina rangi moja wakati jicho linaona wazi kwamba hazifanani. Hapo liamini jicho, kwa sababu mgonjwa naye atatumia jicho.

Mng'ao haufanani wote

Hapa ndipo zirkonia inapojitenga na kauri nyingine, na ndipo wengi hukosea. Kila kitu kinachopitisha mwanga hurudisha sehemu ya mwanga huo usoni pake, na kiasi chake hutegemea kipimo cha kupinda kwa mwanga. Kioo cha gleizi kiko karibu na 1.5, enameli karibu na 1.63, zirkonia karibu na 2.15. Ukipiga hesabu kwa mwanga unaoingia wima kutoka hewani, uso laini wa gleizi hurudisha takriban asilimia 4, enameli asilimia 6 hivi, na zirkonia iliyopigwa polishi takriban asilimia 13. Mate hupunguza pengo hilo kinywani lakini hayalizibi.

Hiyo ndiyo sababu krauni ya zirkonia iliyopigwa polishi hadi mwisho humeta kama lulu au hata kama chuma, jambo ambalo jino la kawaida halifanyi. Kosa si la fundi aliyeipiga polishi. Ndivyo zirkonia ilivyo. Ukiipaka gleizi, mwanga hukutana kwanza na kioo, kisha na zirkonia, na jumla ya kinachorudi hushuka hadi karibu asilimia 7. Kwa jino la mbele hapo gleizi ina hoja ambayo polishi haiwezi kuijibu. Kwa gego la nyuma ambalo hakuna anayelitazama, hoja hiyo haina uzito.

Kwenye lithiamu disiliketi na kauri ya feldispa, ambazo ni kauri zenye kioo ndani yake, hali ni tofauti, kwa kuwa kipimo chao tayari ni karibu na 1.5. Zikipigwa polishi kwa hatua zote, mng'ao wake hukaribia sana ule wa gleizi, na mgonjwa hataweza kuzitofautisha.

Kuna na mwanga wa buluu. Meno halisi hutoa mwanga kidogo yakimulikwa kwa taa za UV za kumbi za muziki. Zirkonia tupu haifanyi hivyo, isipokuwa kama mtengenezaji ameiongezea kiini cha kutoa mwanga, na chini ya taa hizo huonekana kama pengo jeusi. Gleizi zenye kiini cha kutoa mwanga hufidia. Kwa kijana mwenye krauni ya mbele ya zirkonia, uliza jambo hili mapema.

Njia zenyewe

Gleizi ya kupaka ni unga wa kioo uliochanganywa na kimiminiko, au uliokwisha kuwa rojo. Hupakwa kwa brashi na kuchomwa, kwa zirkonia mara nyingi kati ya nyuzi 750 na 900 za Selsiasi kulingana na aina. Tabaka lake ni makumi machache ya mikromita.

Kujing'arisha kwa moto ni kuirudisha kauri tanurini bila kupaka chochote, kwenye joto lake la kuivia, bila vakyumu, na kuishikilia kama dakika moja hadi uso wenyewe ulainike na kutiririka. Inawezekana kwa kauri ya feldispa iliyopangwa juu ya chuma au juu ya zirkonia. Zirkonia yenyewe haiwezi, kwa sababu haina kioo cha kuyeyuka. Anayesema ameing'arisha zirkonia tupu kwa moto ameipasha joto tu.

Polishi ni kukata vilele vya mikwaruzo kwa chembe za almasi zinazozidi kuwa ndogo. Seremala atalielewa hili haraka: gleizi ni vanishi, polishi ni msasa uliofikishwa mwisho. Vanishi juu ya mbao iliyokwaruzwa inaonekana nzuri siku ya kwanza. Ikishalika, kinachobaki ni mikwaruzo uliyoifunika.

Na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kazi nyingi za gleizi: kupaka juu ya uso uliosagwa kwa almasi na kuacha gleizi ifiche. Kwenye sehemu za kutafunia, gleizi huanza kulika baada ya miezi. Chini yake ikiwa ni zirkonia yenye mikwaruzo, jino la mkabala linatafuna juu ya tupa. Uchunguzi mwingi wa maabara umeonyesha kwamba zirkonia iliyopigwa polishi vizuri hulila jino la mkabala kidogo kuliko ile iliyopakwa gleizi, japo zirkonia ni ngumu zaidi. Kinacholiumiza jino ni ukwaruzo wa uso kuliko ugumu wa kauri. Vipande vya gleizi vinavyobanduka navyo husaga.

Msimamo wetu kwa hiyo ni huu: piga polishi kwanza, na hasa kwenye sehemu za kukutana meno, kisha amua kama unapaka gleizi juu yake. Gleizi isipakwe kamwe ili kufidia polishi ambayo haikufanywa.

Umbile la uso, ambalo gleizi hulila kimyakimya

Jino la mbele la kijana lina matuta ya wima, na juu yake mistari myembamba ya mlalo inayoonekana ukiligeuza kwenye mwanga. Kwa miaka mistari hiyo hulika, na jino la mzee huwa laini zaidi. Mistari hii huukata mwanga vipande vipande. Krauni laini kabisa hurudisha alama moja pana ya mwanga, na kwa sababu hiyo huonekana nyeupe zaidi, pana zaidi na iliyosogea mbele kuliko jirani yake, hata kama vipimo vya kalipa vinalingana.

Njia hizo tatu huligusa umbile kwa namna tatu. Gleizi ya kupaka hujaza mabonde, na tabaka nene linaweza kuifuta mistari yote kwa mchomo mmoja. Kujing'arisha kwa moto hakujazi, bali huzungusha kingo. Polishi hukata vilele na kuyaacha mabonde na ufifi wao, na hivi ndivyo jino halisi lilivyo: linang'aa pale midomo na brashi zinapopita, na limefifia ndani ya mifereji. Kwa umbile la kijana, polishi ya mkono kwa brashi ya nywele za mbuzi na rojo la almasi hutoa matokeo ambayo gleizi peke yake haiyafikii.

Ili uone ulichochonga, paka unga wa fedha au wa dhahabu wa maabara juu ya krauni na juu ya jino jirani kwenye modeli. Rangi na uangavu hutoweka, umbile pekee hubaki. Pima hapo umbali kati ya kingo mbili za uso wa mbele, pale mwanga unapogeuka kwenda pembeni. Kingo hizo zikisogezwa ndani, jino huonekana jembamba. Zikisogezwa nje, jino hupanuka. Ukikusudia kupaka gleizi, chonga mistari iwe na kina zaidi kidogo kuliko unavyotaka ibaki. Safisha unga wote kwa mvuke kabla ya mchomo, la sivyo utaacha madoa ya kijivu chini ya gleizi.

Polishi hatua kwa hatua

Kwa zirkonia kazi huanza kabla ya mchomo wa kwanza. Ikiwa bado laini kama chaki, futa alama za kiunganishi kilichoishikilia kwenye diski na mistari ya mashine kwa raba laini isiyo na rangi, bila maji, kwa kasi ndogo. Dakika tatu hapo huokoa robo saa baadaye. Itakapochomwa kwenye nyuzi 1,450 hadi 1,550 itanywea kwa takriban asilimia 20, na alama zilizobaki zitanywea nayo bila kutoweka.

Baada ya mchomo, anza na almasi laini ya mkanda mwekundu, kwa maji, bila kukandamiza. Ifuate raba ya almasi ya kukwaruza kwa mizunguko 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, kisha ya kati, kisha ya kung'arisha kwa 6,000 hadi 8,000. Kila hatua ipewe sekunde 30 hadi 60 kwa kila uso. Kasi iliyoandikwa kwenye kifurushi cha raba ndiyo ya kufuatwa, maana raba hutofautiana. Malizia kwa brashi ya nywele za mbuzi na rojo la almasi la mikromita 1 hadi 3.

Badili mwelekeo kwa kila hatua: kama raba ya kwanza ilikwenda kutoka ufizini kuelekea ncha, ya pili iende kwa upana. Utaiona mikwaruzo ya hatua iliyopita ikikatiza, na utajua imekwisha lini. Kati ya hatua, futa kwa kitambaa chenye spiriti na utazame kwa lenzi ya mara 10 huku ukiigeuza krauni chini ya taa. Chembe moja ya raba ya kwanza ikibaki kwenye brashi ya mwisho itachora mstari ambao utauona tu krauni ikishakauka.

Makosa hapa yanajulikana. Anayeruka raba ya kukwaruza hupata mikwaruzo inayong'aa: ukiishika mbali inavutia, ukiisogeza karibu mistari ya almasi yote ipo. Anayekandamiza huyeyusha raba na kuacha mstari mweusi, na mbaya zaidi hupasha joto sehemu moja ya zirkonia, joto ambalo haliendi popote kwa kuwa zirkonia hupitisha joto vibaya. Nyufa ndogo karibu na ukingo huanzia hapo. Raba za kawaida za silikoni kabaidi zilizotengenezwa kwa kauri ya feldispa haziikati zirkonia. Huipasha moto na kulika zenyewe. Tumia zenye almasi. Na vaa barakoa ya FFP2 au N95 na uwashe kifyonza vumbi hata kwa krauni moja. Vumbi la kauri halitoki mapafuni.

Lengo la kupima ni ukwaruzo wa wastani usiozidi mikromita 0.2. Juu ya hapo ukoga hushika zaidi, na hili ni muhimu kuliko mng'ao karibu na fizi. Ulimi huanza kuhisi ukwaruzo kwenye mikromita 0.5 hivi, kwa hiyo mgonjwa anaposema "panakwaruza", umeshapita mbali.

Gleizi na kinachoharibika tanurini

Safisha kwa mvuke, kausha, kisha usiiguse tena kwa kidole. Mafuta ya mkono hutengeneza vishimo. Shika krauni kwa kigingi au koleo. Changanya gleizi iwe nzito kama krimu, na upake tabaka moja jembamba linalofunika bila kuogelea. Kwenye mifereji ya gego, inyonye kwa ncha kavu ya brashi, kwani hapo hujikusanya, huziba umbile na hubaki nyeupe ya maziwa. Ukingo na sehemu ya ndani zisiguswe kabisa. Tone moja la gleizi lililoingia ndani huifanya krauni isikae, na daktari atadhani ni kipimo kibaya.

Kausha kwenye mlango wa tanuri kwa dakika 4 hadi 6 kabla ya kufunga. Haraka hapa huleta mapovu. Kwa zirkonia nene au daraja refu, punguza kasi ya kupanda joto, mathalani nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika badala ya 60 au zaidi, na acha tanuri lipoe taratibu kabla ya kutoa. Ukiitoa ingali na moto na kuiweka kwenye meza baridi, ufa unaweza kutokea siku ileile au wiki moja baadaye.

Gleizi iliyotoka imefifia na yenye ngozi ya chungwa haikuiva. Gleizi inayong'aa kama pipi, kingo zikiwa zimezunguka na umbile limetoweka, imepitiliza. Kama krauni zote zinatoka hivyo, lipime tanuri lenyewe kwa waya wa fedha safi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 962. Lisipoyeyusha hapo, namba inayoonyeshwa kwenye kioo haina maana. Nyufa nyembamba kama za chungu cha zamani, zinazoonekana baada ya kupoa, karibu kila mara zina maana kwamba gleizi ya kauri ya juu ya chuma imetumika kwa zirkonia au lithiamu disiliketi. Kauri ya juu ya chuma hutanuka na kunywea zaidi, na juu ya zirkonia gleizi yake hunywea kuliko kilicho chini yake ikapasuka. Kila kauri na gleizi yake.

Umeme ukikatika katikati ya mchomo, usifungue. Acha tanuri lipoe lenyewe, safisha krauni, paka upya na uchome tena. Andika idadi ya michomo. Kauri ya feldispa iliyochomwa mara nyingi huanza kuwa nyeupe ya ukungu au, kinyume chake, angavu kupita kiasi, na hapo hakuna rangi ya juu itakayoirudisha.

Lithiamu disiliketi: muda ndio kila kitu

Ile ya kuchongwa kwa mashine huja ikiwa ya buluu au zambarau, nusu ngumu, na hupata rangi na nguvu yake ikichomwa kwenye nyuzi 840 hadi 850. Polishi nzuri zaidi ni ile inayopigwa ikiwa bado ya buluu, kwa kuwa ni laini na raba huishika vizuri. Kisha ichome bila gleizi, au paka rangi na gleizi uvichome pamoja kwa mchomo mmoja. Ukisubiri hadi iive ndipo uanze kusaga, unafanya kazi mara mbili na unaacha nyufa ndogo usoni. Usiipulizie mchanga wa alumina kabla ya gleizi. Huharibu uso na kukata nguvu.

Kauri za mseto wenye resini hazichomwi hata kidogo. Ni polishi tu, na mng'ao wake hufifia mapema, mwambie mgonjwa.

Rangi ya juu iko upande wa gleizi, na ina deni

Mistari ya kahawia, ncha za kijivu na mawingu meupe yaliyochorwa juu hukaa chini ya gleizi. Daktari akisaga mwinuko mmoja wa mng'ato baada ya kuifunga krauni, rangi hiyo huondoka mahali hapo na kuacha duara jeupe. Kwenye gego ni suala la mwezi au mwaka tu. Kwa hiyo rangi ya juu itumike pale meno hayakutani: uso wa mbele, na pembeni ya fizi. Kama unahitaji rangi ndani ya mifereji ya gego, itie ndani ya zirkonia kabla ya mchomo wa kwanza, kisha upige polishi.

Hili linawahusu sana mafundi wa Arusha, Meru, miteremko ya Kilimanjaro, Nakuru na Naivasha, kwenye maji yenye floraidi nyingi. Jirani wa krauni mara nyingi ni jino lenye madoa ya kahawia na mabaka meupe ya chokaa. Madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele yanachoreka vizuri kwa rangi ya juu na gleizi, na hudumu kwa kuwa hayasagwi. Mabaka meupe ni kazi nyingine. Kwenye jino halisi hayang'ai sawa na sehemu nyingine, na ukiyafunika kwa gleizi ileile yanaonekana kama karatasi nyuma ya kioo. Ondoa mng'ao juu ya mabaka hayo kwa unga laini wa pamisi (jiwe la volkano lililosagwa) uliolowa na gurudumu la filti, sekunde chache tu, ukitazama kila mara.

Nini kwa jino lipi

Gego la zirkonia: polishi tupu, hasa juu. Akitaka rangi pembeni, gleizi ibaki kwenye kuta za nje na isifike kwenye sehemu za kukutana meno. Jino moja la mbele la zirkonia: polishi kwanza, gleizi nyembamba juu, kisha brashi ya kupunguza mng'ao mpaka ulingane na jirani. Veniri (maganda membamba ya kauri ya uso wa mbele) na krauni za mbele za lithiamu disiliketi: kwa kijana mwenye umbile, polishi ya buluu na mchomo, kwa mwenye meno laini au yanayohitaji michoro, gleizi. Kauri ya juu ya chuma: iachwe ijing'arishe kwa moto, na nyuma ya jino, pale meno ya chini yanapogusa, ipigwe polishi baada. Mwenye kusaga meno usiku hapaswi kupewa gleizi kwenye sehemu ya kutafunia kwa kauri yoyote.

Daktari anayetuma kazi aandike kwenye fomu zaidi ya "A2". Aandike umri, kama uso wa jirani ni laini au una mistari, kama unang'aa au umefifia, na aambatishe picha mbili: moja ya kawaida yenye alama za mwanga, inayoonyesha umbile, na moja iliyopigwa kwa kichujio cha polarisheni kinachoondoa mng'ao wote, inayoonyesha rangi tupu. Rangi ichaguliwe dakika za kwanza, kabla ya meno kukauka, maana jino lililokaa wazi huwa jeupe kuliko lilivyo.

Krauni ikishafungwa, kila inaposagwa kinywani ipitishwe raba zote tatu papo hapo, kwa maji, kisha rojo la almasi. Jeli ya floraidi ya asidi ya asilimia 1.23 isitumike kwa mwenye krauni au veniri za kauri, kwani huula uso na kuuacha umefifia. Itumike ile isiyo na asidi. Msafishaji wa meno naye ajiepushe na pamisi ya kukwaruza na ncha ya mashine ya mtetemo juu ya kauri.

Na krauni iliyokaa kinywani miezi kadhaa, ikilegea na kurudi maabara ikiwa imepoteza mng'ao, isikimbizwe tanurini. Kauri ya feldispa iliyonyonya unyevu na uchafu inaweza kutoa mapovu, kubadilika rangi au kupasuka ikichomwa. Isafishwe, itazamwe kwa lenzi kama ina nyufa, ipigwe polishi kwa raba na rojo, na irudishwe kwa daktari ikiwa imelowekwa, si kavu, ili rangi ilinganishwe ikiwa katika hali itakayokuwa nayo kinywani.